Askari Asiye na Mkwaruzo

Siku ile mjinga alikuwa Kioo. Hilo tulimalize mapema, tusije tukagombana njiani. Yeye mwenyewe hakatai. Ukimuuliza atakwambia, huku akipangusa mikono kwa kitambaa chenye rangi nyingi kuliko mikono yenyewe, kwamba duniani kuna wajinga wa kuzaliwa, kuna wajinga wa kufundishwa, halafu kuna yeye, aliyejitafutia ujinga wake kwa jasho na kwa vifaa vyake mwenyewe.

Jina la Kioo alipewa na wateja. Alikuwa fundi rangi wa magari, na gari likitoka mikononi mwake ungeweza kunyolea ndevu mlangoni pake. Ulete gari lililokwaruzana na ukuta, lililobusu lori, lililopigwa teke na mke mwenye hasira, Kioo atalipaka puti ya kuziba mashimo, atalipiga msasa, atalipulizia rangi, na kabla jua halijazama gari lenyewe litakuwa limesahau kwamba liliwahi kugongwa. Hiyo ndiyo iliyokuwa dini yake kazini. Mkwaruzo ni aibu, na dawa ya aibu ni kufutwa.

Basi mtu wa dini hiyo akaenda kumpenda mwanamke anayechora mikwaruzo kwa makusudi.

Mwanamke mwenyewe alikuwa mpiga picha za mifupa hospitalini. Walikutana siku Kioo alipoteleza gereji akaangukia ukingo wa gari kwa mbavu. Alifika hospitali akitembea upande kama kaa, akasimamishwa kifua wazi mbele ya ubao wa baridi, na mwanamke aliyevaa aproni nzito ya madini ya risasi akajificha nyuma ya ukuta na kusema, kwa sauti isiyo na joto wala baridi, "Vuta pumzi. Ishike. Usipumue."

"Sijapumua mpaka leo," Kioo alikuwa akiwaambia wenzake. "Na hawezi kusema nilimdanganya. Aliniona mbavu kabla hajaniona sura."

Gereji nzima ikamwita Eksirei. Naye hakukasirika wala hakufurahi; alilipokea jina kama anavyopokea cheti cha mgonjwa, akaendelea na kazi. Ndivyo alivyokuwa. Siku ya pili walipotoka pamoja, kabla hata mhudumu hajafika mezani, alisema, "Niliolewa, nikaachwa, sina mtoto. Unakunywa chai au soda?" Kioo aliomba vyote viwili kwa sababu ya kuchanganyikiwa.

Eksirei alikuwa na starehe moja. Wenzake wakitoka kazini walikwenda kusuka nywele au kutazama tamthilia. Yeye alikwenda kutengeneza deraya, yaani mavazi ya vita. Si deraya za wafalme wa kale na farasi wao, la. Hizi zilikuwa za askari wa angani, wa miaka ambayo bado haijafika, wanaolinda sayari ambazo hazipo. Alinunua ile mikeka ya sponji ngumu ya kufanyia mazoezi, akaikata kwa kisu, akaipasha kwa mashine ya hewa moto mpaka ikalegea kama ulimi, akaikunja juu ya goti na kuibandika kwa gundi ya viatu. Ndani ya helmeti aliweka feni ndogo aliyoing'oa kwenye kompyuta mbovu, maana askari wa angani naye hutoka jasho. Walikuwa kundi zima, watu wazima na akili zao timamu: mhasibu, mwalimu wa chekechea, dereva wa gari la wagonjwa. Kila mwaka walikodi ukumbi, wakavaa, wakatazamana na kutazamwa.

Kioo hakuielewa starehe ile. Alichokielewa ni macho ya mwenye starehe. Macho ya Eksirei yalikuwa na tabia ya kumtazama mtu kana kwamba mtu huyo ni filamu iliyotundikwa mbele ya taa. Yanatafuta palipovunjika, yakimaliza yanakwenda kwa anayefuata. Lakini alipoanza kueleza jinsi bega la deraya linavyotakiwa kukaa ili mkono upate kuinuka, macho yale yalishika moto. Kwa moto huo Kioo angesikiliza habari za bega mpaka kiama.

Sasa tuingie kwenye ujinga wenyewe.

Ukumbi wa maonyesho ulikuwa ng'ambo ya barabara, ukitazamana na gereji. Jumatano ya juma lile Eksirei alifika na pikipiki iliyobeba magunia mawili, akayashusha taratibu kama anayeshusha mgonjwa.

"Nitakuja kuivalia hapa Jumamosi," alisema. "Imekwisha. Nihifadhie."

"Nisiione?"

"Ione. Usiiguse."

Akamtazama kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika, akageuka, akaenda zake. Kioo akabaki amesimama na kopo la rangi mkononi, likimdondokea kiatuni.

Alhamisi akayafungua magunia. Mpaka siku hiyo deraya ile alikuwa ameiona ikiwa sponji tupu, ya kijivu, haijaonja rangi. Alitarajia kukutana na kitu kinachong'aa. Alichokiona kilimkata maini. Bega la kushoto lilikuwa limeungua. Kifua kilikuwa na mikwaruzo mirefu ya kwenda chini. Pembeni rangi ilikuwa imebanduka hadi fedha ya chini ikatokeza, na kwenye kila kichwa cha msumari kutu ilikuwa imetiririka.

"Nyundo!" aliita. "Nani kakalia magunia haya?"

Nyundo alikuwa mnyoosha bodi wa gereji ile, mtu mzima mwenye tumbo la heshima, anayeongea polepole kwa sababu kazi yake yote ni kelele.

"Mimi nakalia tairi langu," alijibu. "Sina shida ya kiti."

"Basi ni ile pikipiki! Imeiburuza njiani! Tazama, tazama wewe mwenyewe!"

Nyundo akaja, akainama, akatazama. "Ndugu yangu, kitu hiki kimetoka vitani. Muulize mwenyewe kwanza."

"Nimuulize ili nimvunje moyo? Jumamosi ndiyo maonyesho. Nitakirudisha kuwa kipya, hata hatajua kilichotokea."

"Mimi najua mabati, mambo ya wanawake sina utaalamu nayo," Nyundo alisema akirudi kwenye tairi lake. "Ila kila nilipotaka kumfurahisha mke wangu bila kumuuliza, nililala sebuleni."

Kioo hakusikia. Penzi likishapanda kichwani, masikio hugeuka mapambo. Alilisukuma kando gari la mteja, akachanganya puti, akaziba kila jeraha. Akapiga msasa mpaka vidole vikafa ganzi. Akapulizia rangi, akapulizia tena, akamalizia kwa ule mng'ao wa juu anaouweka kwenye magari ya maharusi. Ijumaa yote alikuwa akipita, anatazama, anatabasamu peke yake kama mtu aliyekula sahani ya mwenzake.

Jumamosi asubuhi Eksirei akaja. Hakuja peke yake.

Aliyeambatana naye alikuwa shangazi yake, dada wa marehemu baba yake, aliyekuwa mkuu wa bweni la wasichana kabla ya kustaafu. Maisha yake yote alikagua vitanda, na alipokosa vitanda akaanza kukagua watu. Habari za fundi rangi zilikuwa zimemfikia, naye hakuzipenda hata kidogo. Alikuwa amekuja kujionea ili akatae akiwa na ushahidi.

"Shikamoo, shangazi," Kioo alisema, mikono ameificha nyuma.

"Marahaba. Itoe hiyo mikono niione." Akaiona. "Hii ni rangi au ni ugonjwa?"

"Rangi, shangazi."

"Hutoka?"

"Hutoka, kwa petroli."

"Basi siku ya harusi mtu asiwashe kiberiti."

Nyundo, kule kwenye tairi, akakohoa kikohozi kisicho na mafua. Eksirei hakucheka, lakini pembe ya mdomo ilimcheza, na Kioo akaiona, ikampa nguvu. Akawaongoza mpaka kona ya nyuma ambako deraya ilikuwa imesimamishwa juu ya stendi, imefunikwa shuka. Akashika ncha ya shuka kama mfanya mazingaombwe. Akavuta.

Deraya iliwaka. Taa zote za gereji zilikuwa ndani ya kifua kile, na dirisha, na Nyundo na tairi lake. Shangazi alisogea hatua moja, akajiona usoni, akairekebisha skafu yake.

"Ala!" alisema. "Hiki ndicho chenyewe? Mbona kitu kizuri hivi? Mimi niliambiwa unachezea sponji!" Akamgeukia Kioo na kumtazama upya, kuanzia viatuni. "Wewe ndiye uliyefanya hivi?"

"Ni mimi, shangazi."

"Mikono hii hii?"

"Hii hii."

"Mwanangu," Shangazi alimwambia Eksirei, "mimi nilikuja kukataa. Sikatai tena. Mtu anayeweza kusafisha kitu namna hii, nyumba haitamshinda."

Hapo ndipo Kioo alipomtazama Eksirei, akitarajia moto ule wa machoni. Moto haukuwepo. Mpaka leo husema ni ajabu ya Mungu: siku familia ilipomkubali ndiyo siku mwenye kupendwa alipomkataa, na mambo yote mawili yalitokea katika pumzi moja.

Eksirei alipitisha kidole juu ya bega la kushoto. Aliongea kwa sauti ya kazini.

"Hapa palikuwa na nini?"

"Palikuwa pameungua. Usijali, nimeshapaondoa."

"Na hapa kifuani?"

"Mikwaruzo. Mibaya sana. Ile pikipiki..."

"Na hapa, chini ya kwapa?"

"Kutu." Kioo alikuna kichwa. "Nilishangaa kidogo, kusema kweli, sponji inapataje kutu."

"Ulishangaa."

"Kidogo."

"Ukaufanya nini mshangao wako?"

Kioo alifikiri. "Niliupiga msasa," alisema, na alipolisikia neno hilo likitoka akatamani kulirudisha.

"Kutu ile niliichora kwa brashi ya kupakia rangi ya kucha," Eksirei alisema. "Msumari mmoja mmoja. Zile pembe zilizobanduka, unaweka tone la dawa ya meno juu ya rangi ya fedha, unapaka rangi nyingine juu yake, ikikauka unabandua. Bega niliunguza kwa moshi wa mshumaa, nikafuta, nikaunguza tena, maana mara ya kwanza lilionekana limechafuka, halikuonekana limeungua."

"Kwa hiyo... uliiharibu mwenyewe?"

"Sikuiharibu. Niliimaliza."

Hata kompresa ya upepo, ambayo hujiwasha inapotaka, siku hiyo iliona aibu kunguruma.

"Jamani," Shangazi alisema, "mtu amekufutia uchafu, nawe unanuna?"

"Sijanuna, shangazi."

Kweli hakuwa amenuna. Afadhali angenuna. Mtu aliyenuna unaweza kumbembeleza. Huyu alikuwa akiikunja shuka, ncha kwa ncha, kama anayefunga kazi ya siku.

"Nilitaka kukufurahisha," Kioo alisema.

"Nilijua utasema hivyo. Kila aliyewahi kuniharibia kitu alitaka kunifurahisha." Akaiweka shuka mezani. "Ulikuwa na Alhamisi nzima ya kuifuta. Hukuwa na dakika moja ya kunipigia simu."

"Nilidhani..."

"Wenzangu wote watakuja wametoka vitani. Mimi nitaonekana nimetoka dukani. Siendi."

"Huendi?"

"Siendi leo. Na ule mpango wa wiki ijayo, wa mimi kuja nyumbani kwenu kuonana na mama yako..." Alitazama pembeni, mahali pasipokuwa na chochote ila ndoo. "Huo nao tuuache kwanza."

Sasa msomaji, hapa mwanamume wa kawaida ana njia nyingi za kulikwepa kosa. Kuna njia ya haraka, kuna njia ya pikipiki, kuna njia ya "hata Nyundo aliona", na kuna barabara kuu ya "lakini". Kioo alizifungulia mdomo zote, moja baada ya nyingine, na moja baada ya nyingine akazimeza. Aliona kwamba akitoa hata moja, mwanamke huyu atakwenda kwa anayefuata.

"Nimekosa," alisema.

Eksirei akamgeukia.

"Uliniambia nisiguse, nikagusa. Nilishangaa, nikaacha kuuliza. Si pikipiki, si haraka. Ni mimi."

"Halafu?"

"Halafu nini?"

"Endelea. Huwa kuna 'lakini'."

"Sina lakini."

Eksirei alimtazama. Alimtazama vile vile anavyotazama filamu, ameinamisha kichwa kidogo, akitafuta ule mstari mwembamba ambao daktari mwenye haraka huukosa. Kioo akasimama wima na kushika pumzi, kwa mazoea. Mtazamo ulichukua muda. Hata Shangazi, ambaye ukimya humuwasha kama upupu, aliuacha upite.

"Hm," Eksirei alisema mwishoni. Halikuwa neno, lakini mlango ulikuwa haujafungwa. Ulikuwa umesindikwa tu.

Aliyeusukuma ni Shangazi. "Mimi sikutoka kwangu na magoti haya kuja kutazama stendi," alisema. "Nimeambiwa mnavaa. Vaa nikuone, kisha mgombane mkipenda."

Shangazi hakataliwi. Eksirei akavaa. Deraya haivaliki na mtu peke yake. Kuna vifungo vya mgongoni na mikanda ya mabegani ambayo lazima mkono mwingine uifikie. Mkono mwingine pale ulikuwa mmoja tu, maana Shangazi alikuwa ameketi kwenye tairi akipumzisha magoti, na Nyundo alijifanya anatafuta spana.

"Kaza," Eksirei alisema bila kugeuka.

"Hivi?"

"Kidogo zaidi. Hapo."

Kioo alikuwa na shingo ile mbele ya macho yake, na nywele chache fupi zilizokataa kufuata nyingine kwenye kisogo, na harufu ya sabuni ya hospitali. Alifunga kifungo cha kwanza upesi. Cha pili alikifunga polepole. Cha tatu alikifunga, akakifungua, akasema hakikukaa vizuri.

"Kilikaa," Eksirei alisema.

"Nilitaka uhakika."

"Leo ndiyo umejua kutaka uhakika."

Akainua mkono achukue helmeti. *Kraa!*

Wote walisikia. Ufa ulikuwa umekimbia kwenye kiwiko, kutoka nje kwenda ndani, kama mto mdogo kwenye ramani. Eksirei akaukunja mkono mwingine taratibu. *Kraa.* Akainama kidogo kiunoni. Kiuno nacho kikajibu.

"Uwii," alisema Kioo, na ulikuwa uchungu wa kweli, uchungu wa mtu anayesikia kazi yake ikilia. "Puti! Nilipaka puti ya gari! Bati halikunji kiwiko!"

"Kumbe," alisema Nyundo kutoka kwenye spana zake, "miaka yote hii gari limekuwa likikusitiri."

Na hapo Eksirei akacheka. Mwanzo zilikuwa pumzi za puani tu, kisha kicheko kikashuka kifuani, deraya ikatikisika, na kila ilipotikisika puti ikapasuka pengine, na kila ilipopasuka akacheka zaidi. Kioo hakuwahi kumwona akicheka hivyo. Alisimama pale, kazi yake nzuri kuliko zote ikibomoka mbele ya macho yake, akaomba isiishe upesi.

Alipotulia, Eksirei alikwenda kwenye kioo kirefu kilichoegemezwa ukutani, akajitazama. Akakunja mkono, akaunyoosha. Akasogea karibu.

"Njoo," alisema. "Tazama hapa. Imepasuka mahali ninapojikunja tu. Hii siwezi kuichora hata wakinipa mwaka." Aligeuka. Moto ulikuwa umerudi machoni, mdogo kama wa kijiti cha kiberiti, lakini moto. "Lete msasa. Na rangi nyeusi. Na vitambaa vichafu."

"Vitambaa vichafu ndio utajiri wangu," Kioo alisema, tayari anakimbia.

Akavileta. Akashika msasa, akausogeza kifuani pa deraya, pale palipong'aa kuliko pote. Mkono ukagoma. Ulikuwa mkono uliofuta mikwaruzo tangu ujana wake; haukuwahi kuombwa kuzaa hata mmoja.

"Siwezi," alisema.

"Unaweza. Hujui uanzie wapi, basi. Huyu askari hutumia mkono gani?"

"Nitajuaje?"

"Uliza."

"Hutumia mkono gani?"

"Wa kushoto. Kwa hiyo silaha inakaa wapi?"

"Kushoto... hapana, kulia. Anaivuta kwa kuvusha mkono." Kioo alitazama kiuno cha kulia. "Basi hapa pamesuguliwa."

"Pasugue."

Akapasugua. Haikuwa vigumu kama alivyodhani. Akauliza kuhusu goti, akaambiwa askari hupiga goti moja tu anapopumzika. Akauliza bega liliunguaje, akaambiwa kituo kilishika moto na hakukuwa na mwingine wa kuzima.

"Wenzake walikuwa wapi?"

"Waliondoka. Wakamwambia linda hapa, tunarudi."

"Wakarudi?"

"Hawakurudi."

"Kwa nini naye asiondoke?"

Eksirei alikuwa akipaka rangi nyeusi kwenye nyufa za kiwiko kwa ncha ya kitambaa. Hakuinua uso.

"Alitaka kuondoka. Ile mikwaruzo ya kifuani uliyoifuta ndiyo hiyo. Mlango ulikuwa umefungwa kwa nje."

Kioo alitaka kusema pole, kisha akaona neno lenyewe dogo. Akaukunja msasa, akatafuta mahali palepale, akauvuta kutoka juu kwenda chini, kwa nguvu, kama mtu anayetoka. Mmoja. Halafu mwingine kando yake.

"Ilikuwa imeinama kidogo kushoto," Eksirei alisema taratibu.

"Hivi?"

"Hivyo."

Vichwa vyao vilikuwa karibu sana. Kidole chake chenye rangi nyeusi kilikuwa juu ya kidole cha Kioo chenye rangi zote, na hakuna aliyekuwa na haraka ya kukiondoa.

"Haya, basi!" Shangazi alisimama. Alikuwa amekaa kwenye tairi la Nyundo, amevumilia alivyoweza, na uvumilivu wake haukuwahi kuwa mrefu. "Mnafanya nini? Mwanangu, kitu kilikuwa kinang'aa mpaka nikajiona! Mbona mnakikwaruza?"

"Ndivyo kinavyotakiwa, shangazi."

"Kinatakiwa na nani? Na wewe, kijana, nilikupa baraka zangu dakika chache zilizopita kwa ajili ya kazi nzuri, sasa unaikwangua kama sufuria lililoungua. Nazirudisha baraka zangu. Mwanamume gani anatengeneza Alhamisi, anaharibu Jumamosi?"

"Aliharibu Alhamisi, shangazi," Eksirei alisema. "Leo ndiyo anatengeneza."

"Usinizungushe maneno, mimi nimelea wasichana zaidi ya mia. Huyu hana msimamo. Umemsema kidogo tu, kanywea. 'Nimekosa, nimekosa,' mbele ya watu! Mbele ya huyu mwenye nyundo!"

"Mimi sikusikia kitu, mama," alisema Nyundo.

"Ulisikia! Mwanamume wa kuomba radhi hadharani ndiye wa kumpeleka mtu ukweni kwake?" Shangazi alifunga skafu yake upya, ishara kwamba sasa linakuja lenyewe. "Yule mume wako wa kwanza nilimkemea mimi, wewe unajua. Lakini haki yake nimpe. Alikuwa mwanamume. Hakuwahi kuyumba, hakuwahi kurudi nyuma, hakuwahi kumlilia mtu msamaha. Alikuwa na msimamo!"

Kioo aliushusha msasa. Hapa hapakuwa pake pa kusema. Alimtazama Eksirei. Eksirei alikuwa amechukua helmeti; aliigeuza, akawasha feni yake ndogo, akaisikiliza kama inazunguka sawasawa, akaizima. Ng'ambo ya barabara watu wa kwanza walikuwa wameanza kuingia ukumbini.

"Alikuwa nao, shangazi," alisema akiivaa. "Alikuwa akikosa yeye, nikiomba radhi mimi."